Msumari Uliopungua

Mama Uzi aligundua kwamba mumewe hana misumari mdomoni siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, tena kwa bahati tu. Alikuwa amemwendea na swali dogo, kitambaa cha kijani kikae juu ya kiti au pembeni. Fundi alikuwa amepiga goti mbele ya kochi la mteja, amempa mgongo. "Kijani juu au pembeni?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Fundi akageuka, akafungua mdomo kama anayetaka kujibu, halafu akaufunga. Mle mdomoni hamkuwa na kitu isipokuwa ulimi na meno yake.

Kwa mke wa mtu mwingine hilo si jambo. Lakini huyu alikuwa fundi makochi wa mtindo wa zamani, wale wanaojitia misumari midogo mdomoni, kisha wanaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, mkono huu unavuta kitambaa, ule umeshika nyundo. Vijana wa siku hizi wanatumia bunduki ya pini, ta-ta-ta, kazi imekwisha na baada ya mwaka kochi nalo limekwisha. Yeye bunduki ya pini hakutaka hata kuisikia. Miaka ishirini na tisa mdomo wake ulishinda na chuma tangu asubuhi hadi saa ya chakula, na mtaa mzima ulimwita Fundi Mm, maana hiyo ndiyo sauti pekee ambayo mteja wa asubuhi aliambulia kwake.

Mkewe, anayeitwa Mama Uzi kwa sababu hajawahi kurudi nyumbani bila kipande cha uzi kuning'inia begani, alikuwa na cherehani yake dirishani, chumba hichohicho, akishona nguo za makochi ambayo mumewe anayavisha. Walikaa mgongo kwa mgongo. Basi ndoa yao iliendeshwa kwa miguno. Mm moja fupi ni ndiyo. Mbili za harakaharaka ni mteja anakuja, ficha hicho kikombe. Mm inayopanda mwishoni ni nipe mkasi. Na ilikuwapo nyingine, ndefu, yenye wimbo ndani yake, ambayo haikuwa na maana yoyote. Hiyo ilitoka puani kazi ikishamnogea, na Mama Uzi alikanyaga cherehani kwa kuifuata.

Ile ya mkasi nayo ina kisa chake. Mwaka wa kwanza wa ndoa Mama Uzi aliombwa mkasi mpaka akachoka. Anaacha cherehani, anavuka chumba, anafika na kuukuta mkasi uko palepale kando ya goti la fundi. "Si huu hapa, wewe?" Naye anajibu mm, macho yanamcheka. Hakuwa na shida ya mkasi. Alitaka aje tu.

Sasa Jumanne ile Mama Uzi alirudi dirishani na kitambaa chake cha kijani mkononi, akakaa, asishone. Akaanza kuhesabu. Lini mara ya mwisho kuombwa mkasi? Lini mara ya mwisho kuusikia wimbo wa puani? Miezi minne, si chini. Miezi minne amekaa na mtu asiyetoa sauti, naye akajiambia, ana misumari, atajibu akimaliza. Jamani, mtu anaweza kuwa mke mwema na bado akapitwa na jambo lililo nyuma ya mgongo wake mwenyewe. Alijisikia vibaya, na alistahili kidogo.

Dalili nyingine alikuwa ameziona, ila kila moja alikuwa ameipatia sababu yake. Kwanza mkate. Fundi Mm, mtu aliyekuwa akifagia sahani mpaka unadhani imeoshwa, aliacha kula chakula cha nyumbani. Mkate mweupe na chai, asubuhi, mchana, jioni. Ukimwekea maharage anayasogeza pembeni. Ukimwekea mboga anasema zimempita. Tumbo lilijaa gesi likawa ngoma, uso ukakonda. Mama Uzi alidhani mapishi yake yamechuja, akanuna wiki mbili nzima, na fundi hakuona kwamba amenuniwa. Kisha, siku moja akifua, alikuta kwenye mfuko wa shati karatasi ya vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, vyote vimekwisha. Alipomuuliza alisema ni vya jino. Wiki tatu baadaye akaikuta karatasi nyingine. Jino gani hilo?

Usingizi nao ulikuwa umempotea. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki. Alikuwa anaweza kushika kipande cha sponji, akakitazama mpaka chai ikapoa.

Wifi yake, yaani dada wa fundi, alikuja Jumapili kuwajulia hali, na huyo hana subira. Alimtazama kaka yake, akamgeukia Mama Uzi.

"Wifi, kaka yangu alikuwa na mashavu mawili. Umeyapeleka wapi?"

"Nimeyashonea mito."

"Nilijua. Ndiyo maana mito yenu minono na mtu wenu mkavu." Akacheka, lakini walipofika jikoni peke yao kicheko kilikatika. "Utani kando. Kuna nini? Nimemsimulia kisa cha yule mwanamke na mbuzi wa jirani, hakucheka. Kile kisa kimemchekesha tangu tuko watoto."

"Anasema tumbo."

"Tumbo gani la kumzuia mtu kucheka?"

Mama Uzi akachukua kisu. Wote wawili walikaa wakimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Yaliyofuata yalimpata Alhamisi, kwa fundi viatu, mlango wa tatu kutoka kwao. Alikwenda kuazima nta ya uzi. Fundi viatu ni rafiki wa mumewe wa siku nyingi, wamecheza bao pamoja, wamegombana, wamepatana. Mama Uzi aliinua macho, akaona ukutani nyundo imetundikwa peke yake juu ya msumari. Nyundo nyembamba, mpini wake umelika upande mmoja kwa kidole gumba. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Mumewe aliachiwa na mwalimu wake wa ufundi, na aliwahi kumwambia kwamba nyumba ikiungua atatoa mke, watoto, kisha nyundo, na kama watoto wamekwisha kukimbia wenyewe atatoa nyundo kwanza.

"Shemeji, hiyo imefikaje hapa?"

Fundi viatu aliweka chini kiatu alichokuwa nacho. "Alinipa juzi, shemeji. Nilikataa. Akaniambia chukua, mimi sitaihitaji tena." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nilidhani mnafunga duka. Nilikuwa naogopa kukuuliza."

Mama Uzi aliingiwa na ubaridi tangu utosini. Mtu anayegawa vitu vyake anajiandaa kwa safari, na yeye hakuwa ameambiwa habari ya safari yoyote. Akarudi mbio, nta ameisahau. Akakuta mumewe amekaa juu ya boksi, anagonga msumari kwa nyundo ya dukani, pole pole. Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akapindua kibao kikasema TUMEFUNGA, akavuta kigoda akaketi mbele yake, magoti yakagusana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kukaa uso kwa uso ndani ya chumba kile.

"Baba," alisema, "unakwenda wapi?"

Fundi alitazama sakafu.

"Nyundo nimeiona. Usinifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa nawe nikiwa hapa nakanyaga cherehani. Unaumwa nini?"

Fundi aliiweka nyundo chini. Kisha Fundi Mm akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema kwa mwezi mzima, na akayasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja chungu.

Alikuwa amemeza msumari. Ndivyo alivyoamini. Siku ile alikuwa anavisha upya kiti cha Mama Uzi, hichohicho anachokalia kwenye cherehani, kwa sababu mgongo wa mkewe ulikuwa unauma na yeye alitaka kumwongezea sponji bila kumwambia. Sasa, fundi huyu alikuwa na kanuni aliyofundishwa na mwalimu wake: inaingia thelathini, inatoka thelathini. Hazidishi, hapunguzi. Siku ile katikati ya kazi alipiga chafya. Alipomaliza akahesabu vichwa vya misumari kwenye kiti na iliyobaki mdomoni. Ishirini na tisa. Akafagia sakafu. Akapitisha sumaku kila kona. Hakuambulia kitu.

Na mwalimu yuleyule alikuwa ameacha dawa ya jambo hilo, mafundi wote wa makochi wa zamani wanaijua: ukimeza msumari, kula mkate mweupe, kula mwingi, usichanganye na kitu kigumu. Mkate utauzunguka na kuuvisha, usichome.

"Kwa hiyo umekuwa unavisha msumari," Mama Uzi alisema polepole. "Miezi minne."

"Mm."

"Na vile vidonge?"

"Ili usiozeshe ndani. Nilinunua kwenye duka la dawa. Vilipokwisha nikanunua tena. Mara nne hivi." Alishika tumbo. "Haukutoka, mama. Upo. Mwanzo tumbo liliharibika, nikasema ndio unapita. Halafu ikaja hii nyingine. Naamka asubuhi naona hakuna haja. Si maumivu. Ni kama mtu amezima taa na kuondoka nayo. Nikajua basi, umefika pabaya, nakwisha."

"Na hukuniambia."

"Miaka ishirini na tisa unaniambia toa misumari mdomoni. Ningekwambia, ungesema nilikwambia."

Mama Uzi alifikiria kukana, akaona wasidanganyane. "Ningesema," alikiri. "Siku nzima ningesema. Halafu ningekupeleka hospitali." Akamshika mikono yote miwili, ile mikono yenye makovu ya sindano, akalia. Hakujificha. Fundi alimtazama akilia naye hakuweza kulia, na hilo lilimtisha Mama Uzi kuliko nyundo.

Kesho yake walikuwa zahanati tangu asubuhi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani na mazungumzo ya polepole, aliyewaacha wamalize kusema kabla ya kuandika. Akamtuma fundi kupigwa picha ya eksirei. Picha ilipokuja aliitundika kwenye taa, wakaitazama wote watatu. Mbavu zilionekana, na mifupa ya nyonga, na hewa nyingi tumboni. Msumari haukuwapo.

"Baba, msumari mdogo kama huo, hata kama uliumeza, mara nyingi hupita wenyewe kwa siku chache," daktari alisema. "Pengine hata hukuumeza. Kwa vyovyote vile, haumo."

Mama Uzi aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu Alhamisi. Lakini alipomtazama mumewe akaona habari njema imemwangukia vibaya. Fundi alikuwa amejikunyata, anaikazia macho ile picha.

"Afadhali ungekuwepo," alisema. "Msumari ungetolewa. Kumbe hakuna kitu. Kumbe ni mimi tu nimeharibika."

Daktari alivuta kiti chake karibu. Akamuuliza mambo kwa upole, moja baada ya jingine: usingizi, hamu ya kazi, hamu ya watu. Akamuuliza bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kujidhuru. Fundi akajibu kwamba kujidhuru, hapana. "Nimefikiria tu kutokuwepo," alisema. "Kwamba wangepumzika." Mama Uzi alisikia hayo akiwa amekaa palepale, begi lake mapajani, na kama angeweza kuyatoa masikioni kwa sindano angeyatoa.

"Huu ni ugonjwa," daktari alisema, "unaitwa sonona. Hujaharibika. Na wala hukukosea ulipolishuku tumbo, ulikosea mshukiwa tu." Akaeleza kwamba tumbo lina mishipa ya fahamu mingi ajabu, na upo mshipa mrefu unaotoka kichwani hadi matumboni, na kwa huo tumbo na ubongo vinapelekeana habari mchana na usiku. Akasema humo ndani vinaishi vijidudu visivyo na idadi, vingi kati ya hivyo ni wapangaji wema: vinasaidia kusaga chakula, vinatengeneza vitu ambavyo mwili unavitumia, na wataalamu wanaona kwamba vikivurugika hata hisia za mtu zinaweza kuvurugika. "Hawajamaliza kujua inakuwaje. Na si kila huzuni inatoka tumboni, msije mkatoka hapa mnasema daktari kasema. Lakini wewe, baba, vijidudu vyako umevinyima chakula miezi minne, mkate mweupe haviushibi. Halafu ukavipiga dawa mara nne bila kuandikiwa na mtu. Umefukuza wezi ambao hawakuwapo, ukawaua na walinzi. Na juu ya yote umebeba hofu ya kufa peke yako. Tumbo lipi lisingevurugika? Kichwa kipi?"

Mama Uzi alikumbuka kwamba watu siku zote husema fulani ana tumbo joto, wakimaanisha ana wasiwasi. Akaona kumbe wahenga hawakuwa wanatia chumvi.

Waliondoka na kidonge kimoja cha kila asubuhi, miadi ya kuzungumza na mshauri kila Alhamisi, katazo kali la kununua dawa kiholela, na orodha ya vyakula: maharage, mboga za majani, matunda, uji wa unga usiokobolewa, maziwa ya mgando. Kidogo kidogo, daktari alionya, maana tumbo limesahau. Akasema itachukua wiki, si siku, na fundi asipoona nafuu wasikate tamaa, warudi.

Haya. Wiki ya kwanza ilikuwa ya vijiko. Vijiko vitatu vya maharage, Mama Uzi akihesabu kwa sauti. Wifi alihamia kwao na ndoo yake ya maziwa ya mgando, akakaa mlangoni kama askari. "Kaka, kunywa. Hawa wapangaji wako wana njaa, wataanza kuandamana." Wiki ya pili tumbo lilinguruma usiku hadi Mama Uzi akaamka akidhani kuna mtu anasogeza makochi. Wiki ya tatu usingizi ulianza kurudi, saa mbili kwa usiku, kisha saa tatu. Wiki ya nne fundi alimaliza sahani, ingawa hakuifagia. Tumbo lilishuka. Alhamisi alikwenda kwa mshauri, mwanzo kwa kuvutwa mkono, baadaye mwenyewe.

Lakini wimbo wa puani haukurudi. Nyundo ilibaki kwa fundi viatu. Na siku moja jioni, wakikunja vitambaa, fundi alisema kana kwamba anasema mvua itanyesha: "Ile picha inaweza kukosea. Mashine nazo ni kazi ya mikono. Thelathini iliingia, mama. Ishirini na tisa ilitoka. Mmoja uko wapi?"

Mama Uzi aliona waziwazi kwamba chakula kimefanya kazi yake na kidonge kinafanya yake, ila umebaki mlango mmoja, nao umepigwa msumari. Mtu aliyeishi kwa hesabu hawezi kupona hesabu ikiwa pungufu.

Jumatano fundi alipokwenda kununua sponji, Mama Uzi alifunga mlango, akakipindua kiti chake mwenyewe juu chini. Kile kiti alichoongezewa sponji kwa siri, kilichomponya mgongo naye hata asijue nani wa kumshukuru. Alichukua kisu cha mshono akakata kamba, akang'oa kitambaa, akachambua sponji vipande vipande kama anayechagua mchele, akapapasa kila pembe ya mbao, akatikisa, akapitisha sumaku. Vumbi. Nywele. Kifungo cha nguo iliyokwisha kuchakaa zamani. Msumari hakuna. Alikaa sakafuni katikati ya mabaki ya kiti chake, sponji hadi masikioni, akasikia hatua za mumewe mtaani.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu mwaminifu kama yeye hakuwahi kulifanya. Alinyanyuka, akatia vidole kwenye mkebe wa misumari, akatoa mmoja.

Mlango ukafunguka. Fundi alisimama na furushi lake la sponji begani, akatazama kiti. Akatazama mke wake.

"Nimeupata," Mama Uzi alisema, kiganja kikiwa wazi. "Ulikuwa umejichimbia kwenye pembe, chini kabisa. Chafya iliurusha huko. Thelathini yako imetimia, baba."

Fundi aliweka furushi chini. Akauchukua msumari kwa vidole viwili, akausogeza dirishani, akaugeuza. Mama Uzi alimwomba Mungu kimoyomoyo, akamsamehe yeyote aliyewahi kumdanganya yeye.

"Mama," fundi alisema.

"Naam."

"Huu una kichwa cha duara."

Mama Uzi alikunja kiganja.

"Kiti chako nilikipiga misumari ya mwalimu, ile myeusi ya kichwa cha pembe nne. Boksi lilikwisha siku ileile. Huu unang'aa. Huu tumeununua mwezi uliopita, tena wewe ndiye uliyeuchagua."

Miaka ishirini na tisa ndani ya karakana ya makochi, na mwanamke huyu akaokota msumari bila kuutazama kichwa. Aliona aibu ikimpanda shingoni. "Nimetafuta kweli," alisema. "Nimetafuta kila mahali, haupo. Nimeona nikikosa utarudi tena kule kwenye giza. Sikutaka urudi kule. Sina kingine, baba. Nakutaka wewe tu hapa nyuma yangu."

Fundi alitazama tena kile kiti: kamba zimekatwa, kitambaa kimechanika, sponji imetapakaa mpaka chini ya meza, na mkewe amesimama katikati na kipande cha sponji kichwani na uzi begani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Uzi alidhani analia, akasogea. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kwanza bila sauti, kisha sauti ikafuata, kicheko cha kukohoa, kilicholala muda mrefu mahali penye vumbi. Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Halafu machozi yakaja pia, na ndani ya machozi bado anacheka, na Mama Uzi, ambaye hakuwa na uhakika amesamehewa au anasimangwa, akaanza kucheka naye.

"Umekiua kiti," fundi alisema alipopata pumzi.

"Nimekiua."

"Kwa msumari mmoja."

"Kwa mtu mmoja."

Fundi alifuta uso kwa mkono wa shati. Ule msumari wa uongo akautia mfuko wa kifuani, akaufungia kifungo. Kisha akainuka, akatoka, akaacha mlango wazi. Mama Uzi alimchungulia akipita mlango wa kwanza, wa pili, akaingia wa tatu. Alisikia sauti yake kabisa, bila msumari wala kitu mdomoni: "Ndugu yangu, naomba nyundo yangu. Nina kazi." Na fundi viatu akamjibu, "Ipo ilipo. Sikuigusa. Ulidhani umenipa, mimi niliona umesahau."

Alirudi, akapiga goti mbele ya mifupa ya kile kiti. Misumari aliimwaga kwenye kisahani kando yake. Mdomoni haikuingia tena, kwa amri ya wanawake wawili na daktari mmoja. Mama Uzi akavuta kigoda, akaketi kwenye cherehani, akampa mgongo kama siku zote. Nyundo ilianza, tak, tak, kisha ikasita.

Nyuma yake, kutoka kwenye mdomo mtupu, ikaja mm moja, inayopanda mwishoni.

Mama Uzi aliacha kazi, akainuka, akavuka chumba. Mkasi ulikuwa kando ya goti la fundi, palepale. Hakusema si huu hapa. Aliinama, akauokota, akamkabidhi.